Usanisinuru: Mti Unajengwa na Nini?

Uzito wa mwembe umetoka wapi? Swali hili huulizwa mara nyingi mwanzoni mwa somo la biolojia, na jibu linalowahi kinywani ni udongo. Mwalimu akizidi kuhoji, wengine hutaja maji, wengine mbolea. Hewa haitajwi, na hewa ndiyo jibu. Ukikausha ubao hadi maji yote yatoke, karibu uzito wote unaobaki ni kaboni na oksijeni zilizoingia kwenye majani zikiwa hewa ukaa, ile gesi tunayoitoa puani kila tunapopumua.

Kiswahili kina neno la kazi hiyo ya jani kuujenga mti kutokana na hewa: usanisinuru. Mtoto wa Tanzania hulisikia katika shule ya msingi, hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha huliacha pale anapoingia sekondari na masomo kugeuka kuwa ya Kiingereza. Nataka kulirudisha kwa msomaji mmoja hasa, yule msemaji wa Kiswahili aliyejiandikisha kusoma biolojia ya utangulizi katika chuo cha jamii nchini Marekani.

Chuo cha jamii kisichanganywe na vyuo vya maendeleo ya jamii vya Tanzania. Huko Marekani ni chuo cha miaka miwili, chenye ada nafuu kuliko chuo kikuu, kinachompokea karibu kila aliyemaliza sekondari. Kilichodumu muda mrefu kuliko vyote vya umma ni cha Joliet, Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Jina lenyewe lilienea baada ya tume iliyoundwa na Rais Harry Truman kutoa ripoti yake mwaka 1947. Wengi wa ndugu zetu hupitia hapo wakielekea uuguzi, na katika vyuo vingi biolojia ya utangulizi ndiyo mlango wa kufikia somo la maumbile na utendaji wa mwili. Kwenye meza moja ya maabara anaweza kuketi Mkongomani aliyesomea kwa Kifaransa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, Mtanzania aliyesoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili, na Mkenya wa Mombasa aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu utotoni. Lugha wanayoelewana bila kusitasita ni Kiswahili. Kwa nini basi wasielezane jani kwa lugha hiyo?

Neno limeundwa kwa sehemu mbili. Usanisi ni kitendo cha kuunganisha vitu sahili ili kupata kitu changamani zaidi. Ni istilahi ya kemia kabla ya kuwa ya biolojia. Nuru haihitaji maelezo. Yeyote anayezijua sehemu hizo mbili anaweza kukisia maana kabla ya mwalimu kuanza kueleza. Istilahi hii ni miongoni mwa zile za enzi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Naiona kuwa mojawapo ya istilahi bora za sayansi tulizonazo.

Ina udhaifu mmoja, na afadhali usemwe wazi. Kiswahili kinapobandika nomino mbili bila kiunganishi, uhusiano wake haujulikani kwa sura. Usanisinuru waweza kusomwa kama usanisi wa nuru, kana kwamba jani linatengeneza mwanga. Maana yake ni usanisi kwa nuru: mwanga ni nishati inayofanya kazi, na kinachotengenezwa ni sukari. Mwanafunzi aliandike hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, usanisi kwa nuru, na nusu ya kosa itakuwa imekwisha.

Tena tusidhani kwamba Kiingereza kilizaliwa na neno lake. Mwaka 1771 Joseph Priestley aliona kwamba tawi la nanaa hurudishia uzima hewa iliyokwisha kuzimisha mshumaa. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi, akaonyesha kuwa majani hufanya hivyo yakipata mwanga tu. Zaidi ya karne nzima ikapita bila jina linalotosheleza. Jambo hilo lilikuwa likiitwa kwa neno lilelile lililotumika kwa mnyama anavyogeuza chakula kuwa mwili wake. Mwaka 1893 ndipo mwanabotania Mmarekani Charles Barnes alipopendekeza majina mawili, fotosintaksi na fotosinthesisi. Mwenyewe alipendelea la kwanza, wenzake wakalichukua la pili, na ndilo linaloandikwa leo. Neno la Kiingereza lilikaliwa kikao na likachaguliwa, kama usanisinuru lilivyochaguliwa.

Turudi kwenye mwembe. Kosa la udongo ni la kale, na jaribio maarufu la kulipinga lilifanywa na Jan Baptist van Helmont, maelezo yake yakachapishwa mwaka 1648 baada ya kifo chake. Alipanda mche kwenye chungu chenye udongo uliokaushwa na kupimwa, akaumwagilia maji kwa miaka 5, kisha akapima tena. Mti ulikuwa umeongezeka zaidi ya kilo 70. Udongo ulikuwa umepungua gramu 60 hivi. Alihitimisha kuwa mti wote ni maji. Alikosea, lakini udongo ulikuwa umeshaondolewa kwenye kesi.

Hapa ndipo neno letu linaposaidia kama litafunguliwa vizuri. Usanisi unauliza: kinaunganishwa nini na nini? Molekuli 6 za hewa ukaa na 6 za maji, zikipata nguvu ya mwanga, hutoa molekuli 1 ya sukari ya glukosi na 6 za oksijeni. Kwa muda mrefu wanasayansi wengi walidhani oksijeni hiyo inatoka kwenye hewa ukaa. Mwaka 1941, huko California, Samuel Ruben na Martin Kamen pamoja na wenzao walitumia maji yenye oksijeni nzito na kuonyesha kwamba inatoka kwenye maji. Kaboni, kwa upande wake, ilifuatiliwa na Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham kwa kutumia kaboni-14 ndani ya mwani; Calvin alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961.

Kwa hiyo kazi ina hatua mbili. Katika ya kwanza, umbijani, ile rangi ya kijani iliyo ndani ya kloroplasti za jani, hunasa mwanga, maji yanavunjwa na oksijeni inatoka. Katika ya pili, nishati iliyonaswa inatumika kuishika kaboni na kuijenga kuwa sukari. Vitabu vya zamani viliiita hiyo ya pili hatua ya giza, na walimu wetu wakafasiri hivyohivyo. Jina hilo linapotosha, maana hatua hiyo haihitaji giza, na katika mimea mingi hufanyika mchana. Afadhali tuseme hatua isiyotumia mwanga moja kwa moja. Ni refu, lakini ni la kweli.

Mfano mzuri wa kuonyesha kuwa sukari haijengwi kwa sababu ya giza uko Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Mkonge, kama nanasi, hufunga vitundu vya majani yake mchana ili usipoteze maji juani, na kuvifungua usiku. Hewa ukaa inaingia gizani na kuhifadhiwa kama asidi; jua likichomoza, asidi inaachia kaboni na ujenzi wa sukari unaanza. Vitabu vya Marekani hutumia dungusi kama mfano wa jambo hilihili. Aliyewahi kuuona mkonge anao mfano wake tayari, asiuache.

Linalowaangusha wengi zaidi kwenye mtihani ni imani kwamba mmea hufanya usanisinuru mchana na kupumua usiku. Mmea huvunja sukari ili kupata nishati saa zote, mchana na usiku, ndani ya mitokondria kama sisi. Kiswahili kinachangia mkanganyiko kidogo, kwa sababu neno upumuaji linabeba mambo mawili: kuvuta na kutoa hewa kwa mapafu, na kazi ya kemia ndani ya seli. Ongeza neno moja, sema upumuaji wa seli, na tofauti itaonekana.

Maabara yenyewe haina ugumu. Jani lililokuwa juani huchemshwa, hutolewa rangi kwa alkoholi iliyopashwa katika maji ya moto, kisha hudondoshewa ayodini. Palipo na wanga hugeuka rangi ya buluu iliyokaribia nyeusi. Sehemu iliyofunikwa isipate mwanga haigeuki. Atakayesema kwa Kiswahili kwa nini haigeuki ameelewa, na Kiingereza cha kuandikia ripoti kitapata kitu cha kueleza.

Mtihani utakuwa kwa Kiingereza, hilo halina mjadala, na maneno yake lazima yajulikane kwa tahajia. Lakini kikundi cha kujisomea hakina mtahini. Mkae na istilahi zote mbili, ya kuandikia na ya kufikiria.

Nina ombi moja la mwisho. Kamusi ya 1990 ilitoka kabla jenomu ya binadamu haijasomwa, kabla ya mbinu ya kuhariri jeni iitwayo CRISPR iliyotangazwa mwaka 2012, na mambo hayo sasa yamo katika biolojia ya utangulizi. Ninyi mnaoyasoma leo huko Marekani, mkipata namna nzuri ya kuyaeleza kwa Kiswahili, yaandikeni na myapeleke kwa Baraza la Kiswahili la Taifa au kwa walimu wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.