Kiungo cha Mfupa Kinachojiondokea

Kwa vizazi vingi, mfugaji wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya aliyevunjika mguu alipelekwa kwa mzee wa kuunga mifupa. Mzee aliupapasa, akaunyoosha mgonjwa akiuma meno, akaubana kwa vibanzi vya mti na kuufunga kitambaa. Wako waliotembea tena sawasawa, wako waliobaki na kigosho, na wako ambao mguu ulioza kwa kukazwa mno. Ila kufungua vibanzi hakukuwa na safari: vilitolewa palepale nyumbani.

Hospitali ilikuja na sahani na skrubu za chuma. Nyingi huachwa mwilini maisha yote bila madhara, lakini nyingine hulazimika kutolewa, hasa kwa watoto ambao mifupa yao ingali inakua. Hapo umbali unakuwa sehemu ya ugonjwa. Garissa iko takriban kilomita 370 kutoka Nairobi. Mandera iko mbali zaidi, mpakani na Somalia na Ethiopia. Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa na watu 148 kuuawa, majeruhi mahututi walipelekwa Nairobi kwa ndege. Mtoto wa mfugaji anayepaswa kutolewa skrubu mwaka mmoja baada ya kuwekewa hana ndege, na huenda jamaa zake wameshahama kufuata malisho.

Wazo la kufunga mwili kwa kitu kitakachojiondokea chenyewe lilitokana na mifugo. Kwa muda mrefu madaktari walishona vidonda kwa nyuzi za utumbo wa kondoo, ambazo mwili huzimeng'enya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukaingia sokoni uzi wa Dexon, uliotengenezwa kwa polima ya kiwandani inayovunjwavunjwa na maji ya mwilini.

Kutoka uzi hadi mfupa ilichukua zaidi ya mwongo mmoja. Mwaka 1984, huko Finland, daktari mpasuaji Pentti Rokkanen na mtaalamu wa plastiki Pertti Törmälä walianza kuunga vifundo vya miguu kwa vijiti vya polima. Mifupa iliungana, na hakuna aliyerudishwa chumba cha upasuaji ili vijiti vitolewe. Lakini baadhi ya wagonjwa walivimba na kutoa majimaji wiki kadhaa baadaye, kwa kuwa polima hiyo ikivunjika huacha asidi.

Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa ndani ya mfupa wenyewe. Ukiuchukua mfupa wa ngamia pale Garissa, kwenye soko la mifugo lenye jina Afrika Mashariki nzima, takriban theluthi mbili ya uzito wake ukikauka ni madini ya kalsiamu na fosfeti, yaani kauri. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni kolajeni, ambayo ni polima. Watafiti wakachanganya vivyo hivyo. Unga wa kauri hupunguza ukali wa asidi, na seli za mfupa hupata pa kushika.

Mwaka huohuo wa 1984, Mmarekani Chuck Hull aliomba hataza ya mashine ya kuchapa vitu tabaka juu ya tabaka. Njia hizo mbili, ya polima inayojiondokea na ya kuchapa, zilikutana baadaye Singapore, ambako Dietmar Hutmacher na wenzake walichapa vipandikizi vyenye vitundu vya polima iitwayo polikaprolaktoni. Mwaka 2006 vikaidhinishwa Marekani kwa kuziba matundu ya fuvu. Mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Michigan kikamchapia mtoto mchanga kishikizo cha njia ya hewa kwa polima hiyohiyo.

Afrika Mashariki, uchapaji umezoeleka zaidi nje ya mwili. Hospitali ya CoRSU, Kisubi nchini Uganda, ilijaribu kuchapa vikombe vya miguu ya bandia.

Mfupa wa paja unaobeba mtu mzima bado unataka chuma. Mchanganyiko wa polima na kauri haujafikia nguvu hiyo. Nafasi yake iko kwenye fuvu, taya na mifupa ya uso. Tena kuna joto. Polikaprolaktoni huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na vipandikizi vingi vya aina hii hutakiwa kuhifadhiwa pakavu, chini ya nyuzi 25 au 30. Garissa mchana hupita 35 mara kwa mara, kwa hiyo stoo ya hospitali itahitaji ubaridi usiokatika, kama ule wa chanjo. Sahani ya chuma haidai chochote cha namna hiyo.