Kovu la moyo, Mulago 1948

Leo naacha programu zangu hapa Migosi, tuvuke ziwa hadi Kampala, hospitali ya Mulago, mwaka 1948. Jack Davies, mtaalamu wa patholojia, alikuwa akipasua miili ya marehemu akakuta mioyo ya ajabu: utando wa ndani umekuwa kovu gumu, moyo haujai damu, tumbo limejaa maji. Wengi wanaopata ugonjwa huo, EMF kwa kifupi, ni watoto na vijana wa familia maskini.

Nani mkosaji? Wameshukiwa minyoo, mihogo, hata madini ya seriamu udongoni. Hakuna aliyethibitishwa mpaka leo! Si ajabu. Kuchunguza moyo wenye kovu tayari ni kama kutafuta hitilafu kwenye kompyuta iliyokwisha kuungua.

Sasa njooni Japani, 2006. Shinya Yamanaka aliwasha jeni 4 tu katika seli za ngozi ya panya, zikarudi kuwa seli shina, zinazoweza kugeuka karibu seli yoyote. 2007, za binadamu. 2012, Nobel.

Yaani ngozi ya mgonjwa aliye hai inaweza kuzaa seli za moyo zinazodunda kisahanini. Jeni zote zimo ndani ya karibu kila seli. Swali ni zipi zinaitwa, na mara ngapi. Zinahesabika kwa RNA, ndipo sisi watu wa kompyuta tunapoingia. Mwagia seriamu, linganisha namba kabla na baada.

Tatizo moja: seli hizo bado changa, kama za mimba, na EMF hukamata watoto waliokwisha kutembea.