Kanisa lilivyokua majumbani kabla Kaisari hajalitambua

Mwaka 112 hivi, Plinius, liwali wa Kirumi wa jimbo la Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan kuomba ushauri. Wakristo walikuwa wamemtatiza. Walikuwa wa kila rika na kila daraja, wanawake kwa wanaume, na tayari walishatapakaa mijini na vijijini. Mahekalu yalikuwa yamekaribia kuhamwa, na nyama ya kafara ilikosa wanunuzi.

Waliokana imani mbele yake walimweleza kwamba kosa lao lilikuwa kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, kumwimbia Kristo kama Mungu, kuapa kutoiba wala kuzini, kisha kutawanyika na kukutana tena kula pamoja. Plinius hakuridhika. Akawatesa vijakazi wawili waliokuwa mashemasi, lakini hakuambulia kwao ila kile alichokiona kuwa ni ushirikina uliopita kiasi.

Tangu Yesu asulubiwe Yerusalemu ilikuwa imepita miaka 80 tu. Kanisa halikuwa na jeshi, hazina ya serikali wala mtawala wa kulikingia kifua. Lililokuwa nalo ni watu waliosafiri na majirani waliofunguliana milango.

Njia zenyewe zilikuwa zimeshatengenezwa. Wayahudi waliishi katika miji mingi kuizunguka Bahari ya Kati, wakiwa na masinagogi yao na Maandiko yaliyokwisha kutafsiriwa kwa Kigiriki, lugha iliyoeleweka kuanzia Siria hadi Roma. Barabara za Kirumi na merikebu za biashara zilipitisha askari, wachuuzi na habari. Stefano, mmoja wa waumini wa mwanzo, alipouawa kwa kupigwa mawe, waumini walikimbia Yerusalemu, na kila walikokimbilia walihubiri. Baadhi yao, wenyeji wa Kipro na wa Kirene, katika Libya ya leo, walifika Antiokia wakaanza kusema hata na Wagiriki. Kitabu cha Matendo ya Mitume hakitaji majina yao. Hata hivyo, ni katika mji huo ndiko wanafunzi walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Mtume Paulo naye, pamoja na sifa zake zote, aliishi kwa kazi ya mikono. Huko Korintho alifikia kwa Akila na Prisila, mume na mke walioondoka Roma baada ya Kaisari Klaudio kuwafukuza Wayahudi, yapata mwaka 49. Walikuwa mafundi wa mahema kama yeye. Wenzi hao walipohamia Efeso, kanisa likakutana nyumbani kwao; waliporudi Roma, ikawa vivyo hivyo. Katika mji wa Filipi mambo yalianzia kwa Lidia, mwanamke mfanyabiashara wa vitambaa vya zambarau, aliyebatizwa pamoja na watu wa nyumbani mwake. Mwenye nyumba alipoamini, mara nyingi familia, watumwa na wateja wake nao walisikia habari.

Kati ya nyumba na nyumba zilipita barua. Waraka kwa Warumi unaaminika ulibebwa na Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho, ambaye Paulo aliomba apokewe vizuri. Barua hizo zilisomwa kwa sauti, zikanakiliwa, zikapelekwa mbele. Julai 17, 180, Wakristo 12 wa Scilli, mji mdogo wa Afrika Kaskazini, walisimamishwa mbele ya liwali huko Karthago. Alipowauliza kuna nini katika sanduku lao, msemaji wao Speratus alijibu kuwa ni vitabu na nyaraka za Paulo. Wote 12, wanaume 7 na wanawake 5, walihukumiwa kukatwa vichwa.

Mfano wa nyumba hizo tunao. Huko Dura-Europos, mji wa ngome kando ya mto Frati, wanaakiolojia walifukua mwanzoni mwa miaka ya 1930 nyumba yenye ua katikati, iliyogeuzwa kuwa ya ibada kabla ya mwaka 256. Ukuta uliotenga vyumba viwili ulibomolewa ili upatikane ukumbi mmoja. Chumba kingine kiliwekwa birika la ubatizo, na kutani zikachorwa picha za Mchungaji Mwema na Yesu akimponya aliyepooza. Kwa nje ilifanana na nyumba za jirani.

Aliyeingia humo alipata pia watu wa kumtunza. Mwaka 251 hivi, Askofu Kornelio aliandika kwamba kanisa la Roma lilikuwa na mapadri 46, mashemasi 7, na wajane na maskini zaidi ya 1,500 waliolishwa nalo. Miaka hiyohiyo tauni ilipoenea, Dionisi, askofu wa Aleksandria, alieleza jinsi waumini walivyouguza wagonjwa na kuzika maiti, wengine wakafa kwa kuambukizwa.

Si wote waliokuwa mashujaa. Mwaka 250 Kaisari Decius alipoamuru kila mtu atoe kafara kwa miungu na apewe hati ya ushahidi, Wakristo wengi walitii, na wengine walinunua hati. Zaidi ya hati 40 za namna hiyo, zilizoandikwa kwenye mafunjo, zimepatikana Misri. Dhoruba ilipopita, maaskofu, akiwemo Sipriani wa Karthago, walibishana vikali kuhusu namna ya kuwapokea walioanguka. Wengi walirudishwa kwa toba, na jumuiya zikaendelea.

Kwa hiyo wanaosema Kaisari Konstantino ndiye aliyelikuza kanisa wanaanza hadithi katikati. Mwaka 313, kufuatia mapatano yake na mtawala mwenzake Licinius huko Milano, Wakristo waliruhusiwa kuabudu kwa uhuru, na amri ikataka warudishiwe mahali pao pa kukutania na mali nyingine za jumuiya zilizokuwa zimetaifishwa. Kinachorudishwa huwa kina mwenyewe. Kaisari alipokuja kufungua mlango, ndani kulikuwa na kanisa lenye maaskofu, vitabu, viwanja na orodha ya wajane wa kulishwa.