Nyumba Ntobhu: Siri Inayojulikana na Wote

Kwa Wakurya wa Tarime, na kwa jirani zao wa vijiji kadhaa vya Serengeti, neno nyumba halikomei kwenye kuta na paa. Nyumba ni mke mmoja na watoto wake ndani ya mji wa mume. Nyumba ina ng'ombe wake, ina shamba lake, ina haki zake ambazo nyumba ya mke mwenza haiwezi kuzigusa hivi hivi. Ng'ombe wanaoingia kwa mahari ya binti hutengwa ili siku moja watoke tena kumwolea kaka yake wa tumbo moja. Hivyo ndugu wa kiume hudaiwa na dada yake deni ambalo halimaliziki, na nyumba huendelea.

Je, nyumba yenye mabinti watupu? Ng'ombe wamekuja na hakuna wa kuwapeleka. Na ile ambayo mama mwenyewe hakujaliwa hata mtoto mmoja? Mume akifa, shamba litatazamwa na wanaume wa ukoo kwa jicho ambalo kila mjane analijua. Hapo ndipo ilipoota mizizi ndoa iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mwana wa kiume hutoa ng'ombe, huposa, huoa mwanamwali na kumleta nyumbani. Mwanamwali huyo huzaa na mwanamume wa nje, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba ile. Jina lao, urithi wao na ukoo wao hutoka kwa yule aliyetoa mahari, wala si kwa yule aliyepita usiku.

Tangu muongo wa 2010 habari hii imeandikwa sana katika magazeti na majarida ya Ulaya na Marekani, na vichwa vya habari vimefanana: wanawake waoana Afrika. Msomaji wa mbali huzipokea habari hizo akiwa na matarajio aliyokwisha kufinyangiwa na vitabu, hasa na aina moja ya riwaya ambayo historia yake inafaa kutajwa hapa kwa ufupi, kwa kuwa ndiyo iliyomfundisha msomaji huyo nini cha kutafuta ndani ya nyumba ya wanawake wawili.

Mwaka 1928 Radclyffe Hall alichapisha mjini London riwaya yake The Well of Loneliness, juu ya mwanamke apendaye wanawake. Mwaka huohuo mahakama ya Uingereza iliihukumu kuwa chafu na kuamuru nakala ziangamizwe. Mwaka 1952 Patricia Highsmith, aliyekwisha kupata sifa kwa riwaya ya taharuki, alitoa The Price of Salt kwa jina la bandia la Claire Morgan, na hadi mwaka 1990 ndipo kitabu hicho kilipotolewa kwa jina lake halisi. Kisha, mwaka 1984, Katherine V. Forrest akamleta mpelelezi Kate Delafield katika Amateur City: afisa wa polisi anayefumbua siri za wenzake huku ya kwake ameifungia kabatini. Na mwaka 2002 Sarah Waters akaandika Fingersmith, ambamo London ya karne ya 19 imejaa milango iliyofungwa na wanawake waliobadilishiwa majina.

Vitabu hivi havifanani kwa thamani, lakini mtambo unaoviendesha ni mmoja. Kuna nyumba, kuna mapenzi yasiyoruhusiwa, kuna barua au jina au picha iliyofichwa, na kuna mtu anayekaribia kugundua. Taharuki yake haikubuniwa tu na watunzi. Ilitoka katika sheria na katika hofu. Highsmith hakuwa akicheza alipojificha. Visiwani nako Zanzibar ilipitisha mwaka 2004 marekebisho ya sheria yaliyotaja wazi kuwa mapenzi kati ya mwanamke na mwanamke ni kosa la jinai, na tangu hapo mtunzi ambaye angetaka kuandika riwaya ya namna hiyo kwa Kiswahili ana sababu za kutosha za kutafuta jina la bandia.

Sasa mtambo huo upelekwe Tarime. Hauendi. Nyumba ntobhu hufungwa mchana kweupe. Ng'ombe huhesabiwa mbele ya wazee, wakwe hukaa kitako, majirani hula na kunywa. Hakuna barua ya kufichwa. Waliofanya utafiti huko, tangu Malcolm Ruel aliyekuwa kwa Wakurya miaka ya 1950 hadi Hugo Huber, Mswisi aliyechapisha makala yake juu ya ndoa hizi mwishoni mwa miaka ya 1960, waliieleza kama mkataba wa uzazi, mifugo na urithi. Wanawake wenyewe walio katika ndoa hizo wamewajibu wageni jibu hilohilo mara nyingi: hawaendeani kimwili. Wanaoitaja nyumba ntobhu kuwa ushahidi kwamba mapenzi ya wanawake kwa wanawake ni mila ya kale ya Mara wanaibebesha mzigo ambao wenyewe hawakuupakia.

Jambo la ajabu zaidi liko mahali pengine. Kwa Wanandi wa Kenya, ambao nao wana ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, yule aoaye huhesabiwa kuwa mwanamume. Mtafiti Regine Smith Oboler aliliandika hilo kwa kirefu mwaka 1980. Kwa Wakurya sivyo. Mwanamke mkubwa hawi mume. Yeye ni mama mkwe, na mwanamwali ni mkaza mwana wake. Basi mume ni nani? Mume ni mwana ambaye nyumba ile ilipaswa kumzaa na haikumzaa. Mwanamwali ameposwa, ametolewa ng'ombe na ameletwa kwa mtu ambaye hakuwahi kuvuta pumzi. Hakuna riwaya ya taharuki iliyobuni mume wa namna hiyo, na huku ni utaratibu wa kawaida, unaojulikana na mtoto wa darasa la pili.

Kwa hiyo siri ipo, ila haiko pale msomaji wa mbali anapoitafuta. Siri ni baba. Mwanamume anayezaa na mwanamwali hana dai. Akija kesho na kusema mtoto ni wangu, mila inamrudisha alikotoka. Huenda kijiji kizima kinamjua, tena kinamwona mtoto alivyochukua pua yake, na hakuna anayesema. Msomaji wa pwani hatahitaji maelezo marefu hapa. Waswahili wana msemo wao, kitanda hakizai haramu, ambao chimbuko lake limo katika fiqhi ya Kiislamu: mtoto ni wa kitanda alichozaliwa, na anayepekua zaidi anavunja sitara. Wakurya hawakuupata utaratibu wao kwenye fiqhi. Lakini pwani na Mara, kila upande kwa njia yake, waliona kwamba ukweli wa damu ukiachwa utembee ovyo unaweza kumwacha mtoto bila mlango wa kuingilia.

Siri na sitara si kitu kimoja. Siri hufichwa kwa wasiojua. Sitara hutandazwa juu ya jambo ambalo wote wanalijua.

Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa riziki ya mtunzi mkubwa wa riwaya ya upelelezi aliyetoka visiwani. Mohamed Said Abdulla, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991, alishinda shindano la uandishi la Ofisi ya Maandiko ya Afrika Mashariki kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Katika vitabu vyake, kuanzia hicho hadi Duniani Kuna Watu cha mwaka 1973 na vilivyofuata, Bwana Msa na kiko chake hafukuzi majambazi kwa bastola. Mara nyingi anachokifukua ni nasaba: nani ni mtoto wa nani, nani alizaliwa wapi, mali iliyoachwa ni ya nani. Hicho ndicho Abdulla alichokijua kuhusu jamii yake, kwamba jeneza linaweza kuwa jepesi kuliko cheti cha kuzaliwa. Riwaya yake huanza pale sitara inapochanika. Lakini Bwana Msa angefikishwa Tarime angekosa kazi. Angeuliza baba wa mtoto ni nani, na bibi wa nyumba angemjibu kwa utulivu kuwa baba ni mwanawe, na kwamba hana mwana.

Nyumba ntobhu haikukaa pembeni mwa historia. Mpaka wa mwaka 1886 kati ya Wajerumani na Waingereza uliikata nchi ya Wakurya vipande viwili, na ng'ombe wa mahari wakaanza kuvuka mpaka ambao hapo awali haukuwapo, wengine kwa posa na wengine kwa wizi. Uingereza ilipochukua pande zote mbili, maofisa wake walitaka kuandika mila. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali, alikusanya sheria za kimila za makabila mengi ya Tanganyika. Baada ya uhuru, Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika kwa wino jambo ambalo mjane alikuwa akiliogopa kwa mdomo tu: mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, atatunzwa na wanawe. Asiye na wana asome hapo kilichoandikwa juu yake. Kisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikaeleza kuwa ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Sheria moja ilimsukuma mwanamke kwenye nyumba ntobhu, na nyingine ikamwambia alichofunga si ndoa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, huko Mwanza, aliamua katika kesi ya mwanamke wa Kihaya kwamba wanawake wana haki sawa ya kuuza ardhi ya ukoo waliyoirithi, na wengi waliitaja hukumu hiyo kama alfajiri. Lakini kutoka hukumu ya Mwanza hadi shamba la mjane wa Tarime ni safari ndefu.

Kuna sifa ambazo wanawake wa huko huipa ndoa hii, na si za kupuuzwa. Katika nyumba isiyo na mume hakuna mume wa kupiga. Jembe hushikwa na wawili, mtoto huwa na mama na bibi, na mjane mzee hazeeki peke yake. Jan Bender Shetler, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya Mara kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa kumbukumbu za wanawake wa eneo hilo hufuata mitandao ya ujamaa na ujirani ambayo historia za wanaume, zenye kupenda koo na vita, hazikuiandika. Nyumba ntobhu imo katika mtandao huo.

Hata hivyo kuna mtu mmoja katika nyumba hiyo ambaye masimulizi humpita haraka. Ni yule mwanamwali. Mara nyingi ametoka katika nyumba maskini iliyohitaji ng'ombe, na mara nyingine umri wake ulikuwa wa kukaa darasani. Sheria ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu iliyatangua masharti hayo mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Lakini nyumba ntobhu, kwa kuwa sheria haiitambui kama ndoa, hupita chini ya kizingiti cha sheria zote mbili. Mwanamume atakayezaa naye huenda akamchagua mwenyewe. Huenda pia akachaguliwa na mkwe, na akikataa, ng'ombe watadaiwa. Watafiti wa zamani waliuliza mahari ilikuwa ngapi na watoto ni wa nani. Hawakumwuliza alikuwa akimpenda nani.

Swali hilo, kwa haki, linaweza kuwa na jibu lolote. Inawezekana alimpenda kijana wa kijiji cha pili ambaye mila ilimnyima ubaba. Inawezekana hakumpenda yeyote. Inawezekana pia, katika nyumba moja kati ya nyingi, wanawake wawili waliolala chini ya paa moja kwa miaka 30 walipendana kwa namna ambayo hawakuipa jina wala hawakuombwa waipe. Anayesema hilo ndilo lililokuwa likitendeka hana ushahidi, na anayeapa kuwa halikutokea kamwe hana ushahidi vilevile. Fasihi ya Afrika Mashariki imekwisha kuligusa suala la mapenzi hayo kwingine: Monica Arac de Nyeko wa Uganda alipata Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi yake fupi Jambula Tree, ya wasichana wawili na jirani mwenye macho makali. Filamu iliyotokana nayo, Rafiki ya Wanuri Kahiu, ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2018, kisha mahakama ikairuhusu kwa siku saba. Mtunzi wa Mara atakayeandika riwaya yake hatakuwa na haja ya jirani huyo. Majirani wake wanajua kila kitu, ila kitu kimoja.

Mwaka 2011 jambo hili liliingia mahakamani, tena pwani. Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa ilisikiliza mirathi ya mwanamke wa Kinandi aliyekuwa ameoa mwanamke kwa mila. Katiba mpya ya mwaka 2010 ilikwisha kutaja haki ya kuoana kwa watu wa jinsia tofauti, na waliompinga mjane walisema hana uhusiano wowote na marehemu. Jaji Ojwang aliitambua ndoa ya kimila kwa ajili ya mirathi, na mjane akapewa haki ya kusimamia mali. Hukumu ilizungumza juu ya mila, watoto, nyumba na mali. Juu ya wanawake wawili wenyewe, na maisha waliyoishi wakiwa wamefunga mlango, haikusema neno.