Ndege Nyuki za Kusafirisha Dawa katika Ziwa Victoria

Wilaya ya Ukerewe, mkoani Mwanza, imezungukwa na maji ya Ziwa Victoria, na vituo vyake vya afya hutegemea dawa kutoka bara. Mwaka 2018 safari ya nchi kavu hadi kisiwani ilikadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 240 na kuchukua takribani saa sita. Kwa mgonjwa anayehitaji dawa ya dharura, muda huo ni mrefu mno.

Katika mwaka huo, kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na Shirika la Maendeleo la Ujerumani (GIZ) zilifanya majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa Ukerewe kwa ndege isiyo na rubani, maarufu kama ndege nyuki. Ndege hiyo iliruka kilomita 60 juu ya ziwa kwa wastani wa dakika 40. Katika majaribio yote, ilisafiri jumla ya kilomita 2,200.

Chombo hicho ni zao la mekatroniki, taaluma inayounganisha mitambo, elektroniki na programu za kompyuta. Rafadha zake huelekezwa juu wakati wa kupaa na kutua, hivyo hakihitaji uwanja wa ndege. Kikiwa angani, rafadha hugeuzwa kuelekea mbele, nayo mabawa hukibeba kama ndege ya kawaida. Hutumia umeme wa betri na hubeba mzigo usiozidi kilo nne.

Oktoba 2018, jiji la Mwanza lilikuwa mwenyeji wa kongamano la Lake Victoria Challenge, ambapo wataalamu walionesha safari za ndege nyuki hadi Kisiwa cha Juma. Mwaka 2021, nchini Uganda, ndege nyuki zilianza kupeleka dawa za kufubaza VVU katika visiwa vya Kalangala, ndani ya ziwa hilohilo.

Hata hivyo, kilo nne haziwezi kuchukua nafasi ya kivuko. Manufaa ya ndege nyuki yako katika mizigo midogo ya haraka, kama vile chanjo, damu na sampuli za maabara. Ili huduma iwe ya kudumu, wanahitajika mafundi wa kuzirusha na kuzitengeneza wanaoishi karibu na ziwa.

Wananchi wanakumbushwa kuwa ndege nyuki hurushwa kwa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).