Senti Tano za New York

Siku moja nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu habari za treni zipitazo chini ya ardhi katika mji wa New York, huko Marekani. Nalidhani watastaajabia lile giza, na mto unaopita juu ya vichwa vya abiria. Lakini mtoto mmoja aliinua mkono akauliza, “Mwalimu, nauli yake ni kiasi gani, naye aendaye mbali hulipa sawa na aendaye karibu?” Nikaona ya kuwa swali lile lashika habari yote, na kwa hiyo naiandika hapa.

Miaka ya 1890 watu wa New York walisongamana vibaya sana. Kisiwa cha Manhattan ni chembamba, na maskini waliishi kusini yake, jamaa nyingi katika nyumba moja, kwa kuwa mtu hakuweza kukaa mbali na kazi yake. Yalikuwako magari ya kukokotwa na farasi, na treni zilizopita juu ya nguzo za chuma, lakini hayakutosha. Basi wakuu wa mji wakapatana na tajiri mmoja, August Belmont: mji utoe fedha za kuchimba, dola milioni 35, na kampuni yake iendeshe treni. Katika mapatano hayo yaliandikwa maneno machache ambayo baadaye yaliwatesa wengi: nauli iwe senti tano, wala isizidi.

Kazi ilianza mwezi wa Machi 1900. Mhandisi mkuu, William Barclay Parsons, hakutaka kwenda chini sana. Mahali pengi walipasua barabara, wakachimba handaki, wakalijenga kwa chuma na saruji, kisha wakaifunika barabara tena. Penye mwamba walitumia baruti, na wako waliokufa. Wachimbaji wengi walikuwa Waitalia na Waairishi, na watu weusi pia walikuwamo. Tarehe 27 Oktoba 1904 njia ilifunguliwa, maili 9 na vituo 28. Meya George McClellan alipewa kuiendesha treni ya kwanza kwa heshima tu, lakini ilimpendeza hata akakataa kuuachilia usukani! Jioni ile watu zaidi ya 100,000 walitoa senti zao tano wakashuka chini.

Matunda yake yalionekana upesi. Huko Harlem, kaskazini mwa kisiwa, wenye fedha walikuwa wamejenga nyumba nyingi nzuri kwa kuitazamia reli, wakidhani wazungu wenye mali watazijaza. Walijenga kupita kiasi, na nyumba zikakaa tupu. Ndipo mtu mweusi mmoja, Philip Payton, alipowaendea wenye nyumba akawaambia kwamba atawaletea wapangaji weusi. Hao walitozwa kodi kubwa kuliko wazungu, lakini walikuja, maana kwa senti tano waliweza kwenda kazini na kurudi nyumbani jioni. Hivyo Harlem ukawa mji mashuhuri wa watu weusi. Mwaka wa 1913 yalifanyika mapatano mengine na kampuni mbili, na reli ikaongezwa zaidi ya mara mbili. Wilaya ya Queens, iliyokuwa na watu 284,000 mwaka wa 1910, ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja mwaka wa 1930.

Lakini vita vya 1914 vilipokwisha, bei za vitu Marekani zilikuwa zimepanda karibu maradufu, na mishahara nayo imepanda. Nauli haikupanda. Makampuni yalilia, na Meya John Hylan hakuwasikiliza. Zamani yeye mwenyewe alikuwa mwendesha treni Brooklyn akafukuzwa kazi, na nadhani hakusahau. Wapiga kura walimpenda, kwa kuwa senti tano kwa mfanyakazi wa kiwandani ni mkate wa watoto. Hakusema uongo, ila chuma nacho hula, na asiyekilisha hukiona kikioza. Mwaka wa 1940 makampuni yakauza yote kwa mji, na deni likawa la mji.

Tarehe 1 Julai 1948, baada ya miaka karibu 44, Meya William O'Dwyer alipandisha nauli ikawa senti kumi. Mwaka wa 1953 ikawa senti 15, na kwa kuwa mashine za mlangoni hazikuweza kupokea sarafu mbili za namna mbalimbali, zilitengenezwa sarafu ndogo za reli peke yake, zilizotumika hata mwaka wa 2003. Hata hivyo matengenezo yalikuwa yamechelewa mno. Miaka ya 1970 treni ziliharibika njiani mara kwa mara, abiria wakaogopa kusafiri usiku, na ukarabati mkubwa haukuanza mpaka mwaka wa 1982. Mwaka wa 2023 nauli ilifika dola 2 na senti 90.

Nalimjibu yule mtoto hivi: apandaye treni kaskazini mwa Manhattan na kushuka Far Rockaway karibu na bahari amekwenda zaidi ya maili 30, naye hulipa sawasawa na yule aliyeshuka kituo cha kwanza.