Kioo na Maandishi: Historia Fupi ya Kosa Moja

Mwaka 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alianza kuunda programu ya kuhariria maandishi ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la vi. Alitumia terminali ya ADM-3A, yaani kioo na kibao cha herufi tu; kompyuta yenyewe ilikuwa chuoni, naye akiwa nyumbani aliifikia kwa waya wa simu. Modemu yake ilipitisha herufi 30 hivi kwa sekunde. Kioo cha mistari 24 yenye nafasi 80 kina nafasi 1920, hivyo kukichora chote upya kulihitaji zaidi ya dakika moja. Programu ikalazimika kubana matumizi: ilihifadhi picha ya kile ilichoamini kuwa kimo kiooni, ikatuma mabadiliko tu. Imani hiyo ikikosea, kila sahihisho huzidisha fujo.

Tena kila aina ya terminali ilikuwa na lahaja yake. ADM-3A ilifuta kioo kwa alama moja isiyoonekana. VT100 ya mwaka 1978 ilidai mfululizo wa alama wenye mabano na tarakimu. Mwaka huohuo Joy alitunga termcap, ambayo kwa hakika ni kamusi: jina la terminali, kisha amri zake. Mtumiaji aliyetaja jina la VT100 hali ameketi mbele ya ADM-3A aliona "[2J" ikimwagika juu ya sentensi zake. Hatari ilikuwa hapo. Akidhani maandishi yameharibika, alianza kufuta takataka ambazo hazimo katika faili, kumbe anafuta maneno yake mwenyewe. Lawama nyingi iliyobebeshwa programu ilistahili kwenda kwa jina la uongo.

Dawa ilikuwa kutogusa neno lolote kwanza, bali kubonyeza Control na L ili kioo kichorwe upya. Uchafu ukirudi, huchunguzwa jina la terminali, kisha idadi ya mistari na nafasi.

SSH, iliyoundwa na Tatu Ylönen huko Ufini mwaka 1995, hupeleka jina na vipimo hivyo hadi kompyuta ya mbali, lakini kamusi haiipeleki. Jina lisipojulikana huko, watu hutaja "vt100", mtambo ambao wengi wao hawajapata kuuona.